Katuni Imemwambia Mtoto Anywe Maji, Nani Atamruhusu?

Kaskazi inaposhika kasi na jua la Januari kuanza kuchoma, makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa katuni fupi zinazomfundisha mtoto namna ya kukabiliana na joto. Mhusika huwa ni mnyama mdogo mcheshi, au mtoto mwenye macho makubwa kupita uso wake. Anacheza juani, anachoka, anakumbushwa kunywa maji, anahamia kivulini, anavaa kofia na nguo nyepesi, kisha wote wanaimba na hadithi inakwisha. Wazazi wakishaiona hugawanyika. Wapo wanaoisambaza upesi wakiamini wameshatimiza wajibu wao, na wapo wanaoicheka, wakiuliza tangu lini mtoto wa Tanga au Mombasa akafundishwa joto na katuni. Nadhani pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Masomo ya katuni hizo kwa sehemu kubwa ni sahihi, na mtoto huyaelewa vizuri kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba karibu kila jambo analoambiwa alifanye linahitaji ruhusa ya mtu mzima ambaye hadithi haikumtaja. Katuni ya joto inayofaa ni ile inayomfundisha mtoto kuitambua hatari na kuisema, na inayomwonyesha mwalimu na mzazi wakibadilisha kanuni zao. Zilizobaki humtwisha mtoto wa miaka saba mzigo ambao ni wa wakubwa wake.

Jambo hili si la mzaha tena. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliuthibitisha mwaka 2024 kuwa wenye joto kubwa kuliko yote tangu vipimo vianze kuwekwa, ukiwa na wastani wa takriban nyuzijoto 1.55 juu ya ule wa kabla ya enzi ya viwanda. Machi mwaka huo Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzijoto 45, na Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuripotiwa kuanguka na kuzimia mjini Juba. Ripoti ya UNICEF ya Januari 2025 ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 242 katika nchi 85 walivurugiwa masomo na hali mbaya ya hewa katika mwaka 2024, joto kali likiwa kisababishi kilichoongoza; Aprili peke yake watoto milioni 118 waliguswa. Inafaa kukumbuka kwamba shule nyingi zilizofungwa Sudan Kusini zilikuwa na vyumba vya mabati visivyokuwa na umeme hata wa kuzungusha feni. Sidhani kama yupo mtoto aliyeanguka pale kwa sababu hakuwa ameambiwa kwamba maji hunywewa.

Tuanze na yale ambayo katuni huyasema kwa usahihi. Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na nyuzijoto 37, na mtoto hupata tabu zaidi ya mtu mzima kuilinda hali hiyo. Ngozi yake ni pana ukiilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi, mwili wake hulipokea joto hilo kwa haraka. Anapokimbia huzalisha joto jingi zaidi kwa kila kilo ya uzito. Na jasho analolitoa ni dogo. Kiu nayo huchelewa kufika, hasa kwa mtoto aliyenogewa na mchezo. Ndiyo maana shauri la kunywa maji kidogo kidogo, kabla ya kiu, ni la kitabibu na si maneno ya kujazia wimbo. Kivuli, nguo pana za pamba na kupumzika mchana jua likiwa utosini ni mambo ambayo daktari yeyote angeyaunga mkono.

Lakini katuni nyingi huishia hapo, mahali ambapo somo muhimu zaidi lingeanza. Mtoto anayeumwa kichwa, anayehisi kizunguzungu au kichefuchefu, anayekazwa na misuli baada ya kukaa kwenye joto, anahitaji kupumzishwa na kupozwa mara moja. Akianza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, na joto la mwili likafika nyuzijoto 40 au kupita, hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika ina thamani yake: apelekwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji mwilini na apepewe huku njia ya kumfikisha hospitali ikitafutwa, wala asinyweshwe kitu chochote iwapo hana fahamu. Watunzi wa katuni huyaacha haya kwa kuogopa kuwatisha watoto. Hofu hiyo inaeleweka, ingawa watoto hao hao tumewaambia kwa uwazi kabisa, tangu shule ya awali, kwamba malaria inaua na kwamba huletwa na mbu, na hatujaona kizazi kilichokosa usingizi kwa ajili hiyo. Kilichotokea ni kwamba wamekua wakidai chandarua.

Kuna somo jingine ambalo sijaliona katika katuni hizi, na ndilo ningelianza nalo kama ningepewa kalamu: mtungi. Mtungi wa udongo uliowekwa pembe ya ukumbi, umefunikwa sahani ya bati na kikombe juu yake, hutoka jasho. Maji hupenya taratibu katika vitundu vidogo vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua sehemu ya joto la maji yaliyobaki ndani. Mwili wa mtoto hufanya kazi hiyo hiyo kwa jasho. Mtoto akiupapasa mtungi kwa nje, akaona unyevu kiganjani, kisha akanywa maji yake yenye ladha ya udongo, ameshaielewa kanuni ambayo kitabu cha sayansi humweleza kwa mchoro wa mishale. Na hapo anaweza kuulizwa swali gumu kidogo: kwa nini mtungi wa Dodoma hupoza maji vizuri kuliko mtungi wa Bagamoyo? Kwa sababu hewa ya pwani imekwisha kushiba unyevu, na maji yaliyoko nje ya mtungi hayapati pa kwenda. Jasho la mwanadamu lina tabu hiyo hiyo. Nyuzijoto 32 za Dar es Salaam mwezi wa Februari, upepo umelala na shati limegandia mgongoni, zinaweza kuuelemea mwili kuliko nyuzijoto 35 za bara kavu, kwa sababu jasho linatiririka bila kupoza. Katuni inayoonyesha kipimajoto chekundu kikipanda na kushuka, bila kusema lolote juu ya unyevu, inampotosha mtoto wa pwani bila kukusudia. Hata feni ina masharti yake: husaidia kwa kuisukuma mbali na ngozi ile hewa iliyoshiba unyevu, lakini Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikipita nyuzijoto 40 feni huuongezea mwili joto badala ya kuliondoa. Hilo mtoto wa Juba analihitaji. Mtoto wa Tanga pengine hatalihitaji kabisa. Somo la joto haliwezi kuchorwa mara moja likatosha dunia nzima.

Wanaodhani kwamba katuni haina uwezo wa kubadilisha tabia za watu wana jibu la zamani kutoka Australia. Mwaka 1981 shirika la kupambana na saratani la jimbo la Victoria lilirusha kwenye televisheni katuni fupi ya shakwe aliyeitwa Sid, mwenye kaptura, fulana na kofia, akicheza na kuwaimbia watu mambo matatu: vaa shati, jipake losheni ya kukinga jua, tia kofia. Australia ina watu wengi wenye asili ya Ulaya wanaoishi chini ya jua kali, na hukadiriwa kwamba wawili kati ya kila Waaustralia watatu watagundulika kuwa na aina fulani ya saratani ya ngozi kabla ya kufikisha miaka 70. Maneno ya shakwe yaliingia katika mazungumzo ya kila siku. Mwaka 2007 yaliongezwa mawili, kutafuta kivuli na kuvaa miwani ya jua. Viwango vya melanoma, ambayo ni saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, vimeshuka miongoni mwa vijana waliokua wakiusikia wimbo huo. Hadithi kwa kawaida husimuliwa mpaka hapo, ndege akabaki na sifa zote.

Sehemu inayoachwa ndiyo yenye manufaa kwetu. Mwaka 1987 bunge la Victoria lilipitisha sheria ya tumbaku iliyoanzisha mfuko wa afya uliogharimiwa na tozo ya sigara, na mwaka uliofuata programu ya kujikinga na jua iitwayo SunSmart ikaanza kwa msaada wa fedha hizo. Shule zikatunga kanuni kwamba mwanafunzi asiye na kofia hachezi uwanjani, anakaa kivulini. Kofia yenye ukingo mpana ikawa sehemu ya sare. Serikali ya jimbo ikatoa ruzuku ya kujenga vivuli shuleni, na walimu wakatakiwa nao kuvaa kofia wanaposimamia watoto nje. Kwa hiyo mtoto aliyemwona shakwe kwenye televisheni jioni alikuta kesho yake kwamba jambo lile lile ni kanuni ya shule, kwamba lina vifaa vyake, na kwamba mkubwa anayemwamuru naye analitii. Katuni ilifanya kazi moja tu ndani ya mpango mpana: ilifanya kanuni ipendeze kabla haijawa amri. Ukiondoa kanuni, vivuli na tozo, utabaki na wimbo mzuri.

Australia ina bahati nyingine ambayo sisi hatuna, nayo ni kalenda. Kiangazi chake huangukia likizo ndefu ya Desemba na Januari, hivyo sehemu ya siku za joto kali humkuta mtoto akiwa nyumbani. Tanzania na Kenya hufungua mwaka wa shule Januari. Mtoto wa pwani anayeanza darasa la kwanza, ambaye hajui bado jina la mwalimu wake wala choo kiko upande gani, hukutana na joto la kaskazi katika wiki zake za mwanzo kabisa, akiwa amevaa sare mpya iliyonunuliwa kubwa makusudi ili imfae miaka mitatu. Huyo ndiye mlengwa wa katuni, na ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote shuleni.

Zaidi ya hayo, jua na joto si kitu kimoja, na katuni za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili huvichanganya. Shakwe wa Victoria alikuwa akipambana na miale ya urujuanimno, ambayo huunguza ngozi hata siku ya baridi. Kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki, losheni ya kukinga jua si jambo la kwanza wanalolihitaji kwenye joto, na mzazi anayeona mhusika akipakwa losheni huku mtoto wake akisoma darasa lisilo na dari ana haki ya kushangaa. Ila yupo mtoto mmoja katika darasa hilo ambaye kwake losheni na kofia ni uhai, naye ni mtoto mwenye ualbino. Tanzania inalijua hilo vizuri. Losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun hutengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtoto huyu anahitaji mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana wakati wenzake wanahitaji nguo za kupitisha upepo, na anahitaji mwalimu ambaye hatamwamuru avue kofia mstarini kwa jina la nidhamu. Katuni ya Kiswahili iliyotungwa kwa akili ingemweka katikati ya hadithi, acheze na kukosea na kucheka kama wengine, na ingeonyesha waziwazi kwamba kanuni moja ya mavazi haiwezi kuwatosha watoto wote. Inashangaza kwamba tunaagiza masomo ya jua kutoka mbali na bado hili la karibu halimo.

Nina mpwa wangu wa darasa la pili ambaye huimba wimbo wa katuni mojawapo bila kukosea neno. Kila asubuhi hubeba chupa ya maji yenye kamba ya kuning'iniza shingoni, na siku nyingi saa nane mchana huirudisha ikiwa imepungua vidole viwili tu. Nilipomuuliza alinieleza kwa utulivu: chupa hupangwa dirishani, hunywi wakati wa kipindi, wakati wa mapumziko kuna mpira, na ukinywa sana utaomba kwenda chooni na mwalimu atasema umezidi. Hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayotokana na kutojua. Ameyapima mazingira yake na kuamua, na kwa mtu wa umri wake ameamua kwa busara. Kwa mtoto wa kike hesabu huwa nzito zaidi. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi ziko mbali na kiwango hicho. Msichana anayejua kwamba choo cha shule hakina mlango huamua tangu alfajiri kutokunywa. Tukimwimbia "kunywa maji" bila kumjengea choo, tunamwomba achague kati ya afya yake na stara yake.

Ongeza hapo sare. Sweta zito, soksi za kufika magotini na viatu vyeusi vya kufunika ni mavazi ambayo yangeeleweka Njombe mwezi Juni. Katika shule ya pwani mwezi Februari huvaliwa kwa sababu orodha ya mahitaji imeandikwa hivyo. Ongeza mstari wa asubuhi unaorefushwa na matangazo, adhabu ya kupiga magoti juani, na kipindi cha michezo kilichopangwa saa ambayo wavuvi wenyewe wameshakimbilia kivulini. Yote hayo ni maamuzi ya watu wazima, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili ili libadilishwe.

Sasa nizipime hoja za wanaopinga, maana baadhi yake zina uzito. Ya kwanza inasema kwamba joto si geni kwetu, kwamba babu zetu waliishi nalo bila katuni, na kwamba somo hili ni hofu iliyoagizwa kutoka Ulaya. Nusu yake ni kweli. Watu wa pwani walijenga kwa kulijua joto: kuta nene za mawe ya matumbawe, njia nyembamba za Lamu na Mji Mkongwe zinazotiana kivuli, baraza mbele ya nyumba, makuti yasiyopitisha joto haraka, kanzu na kanga za pamba, kazi ya shamba asubuhi na jioni. Hayo yalikuwa maarifa, na mtoto aliyapata bila kufundishwa kwa sababu alizaliwa ndani yake. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba mtoto wa leo haishi ndani ya maarifa hayo. Anasoma chini ya bati lisilo na dari, ndani ya kuta za tofali za saruji, akiwa na wenzake wengi wanaobanana kwenye dawati moja, na ratiba yake haimruhusu kulala mchana. Babu hakuwa mvumilivu kuliko mjukuu. Alikuwa na nyumba bora kwa joto. Hoja hii ikifuatwa mpaka mwisho wake inadai katuni zenye mtungi, baraza na makuti, si kutokuwapo kwa katuni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sina budi kuikubali kwa sehemu: fedha za kutengeneza katuni zingefaa zaidi kupanda miti na kuweka dari. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia matokeo ya mitihani ya wanafunzi milioni 10 wa Marekani, ulionyesha kwamba katika shule zisizo na viyoyozi kila nyuzi moja ya Fahrenheit (zaidi kidogo ya nusu ya nyuzijoto moja ya Selsiasi) inayoongezeka katika mwaka wa shule hupunguza kile wanachojifunza mwaka huo kwa takriban asilimia 1, na kwamba viyoyozi huondoa karibu hasara yote. Kwa maneno mengine, jengo ndilo lililoamua. Mtu akisoma matokeo hayo ana haki ya kuuliza katuni ni ya nini. Jibu langu ni kwamba dari hazitawekwa zote mwaka huu wala mwaka ujao, na katika kipindi hicho kirefu cha kusubiri mtoto atakuwa darasani. Tena wazazi wakishaelewa kwamba joto la darasani linawaibia watoto wao masomo, watadai dari kwa sauti kubwa kuliko ripoti yoyote. Mtoto hubeba habari nyumbani kwa njia ambayo waraka hauwezi. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, kimeonyesha kwamba hadithi iliyotungwa kwa lugha ya mtoto na mazingira yake hufuatwa na familia nzima. Uwezo upo. Suala ni kuutumia kwa kusema nini.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana miongoni mwa walimu, ni kwamba watoto wakifundishwa dalili za joto watazigeuza kisingizio. Kila mmoja atadai kizunguzungu ili atoke darasani. Hebu tuifuate. Tuseme katika darasa la watoto 60 wapo watano watakaodanganya. Kila mdanganyifu atakaa kivulini dakika 10 na kunywa kikombe cha maji, mambo ambayo siku ya joto kali yangemfaa hata kama haumwi. Hasara ni dakika 10. Upande wa pili yupo mtoto mmoja ambaye hadanganyi, na ambaye mwalimu aliyezoea kudhania visingizio atamwambia akae chini. Hasara ya hapo haipimwi kwa dakika. Zaidi ya hayo, mtoto aliyeanza kuchanganyikiwa kwa joto hawezi kujisemea. Dalili yenyewe humwondolea uwezo wa kuieleza. Ni jirani yake wa dawati atakayeona kwamba mwenzake anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Kwa hiyo anayekataza somo hili kwa kuogopa uongo anamfunga mdomo shahidi pekee aliyekuwapo. Na mwalimu ambaye wanafunzi wake wanatafuta kila njia ya kutoka chumbani saa saba mchana angefanya vizuri kukipima chumba kabla ya kuwapima wanafunzi.

Ipo pia lawama kwamba katuni huwafungia watoto mbele ya skrini. Kwa hadithi ya dakika tatu sioni haja ya kuijadili kwa kirefu, na kwa watoto ambao nyumbani hakuna televisheni wala simu kubwa, hadithi hiyo hiyo inaweza kusomwa redioni.

Yakikubaliwa haya, katuni yenyewe inapaswa kubadilika. Hadithi isifungwe pale mhusika anapokunywa maji. Ifungwe pale mtu mzima anapoamua jambo. Nikiifikiria, naiona hivi: ni siku ya Februari katika shule ya pwani, mstarini, na msichana wa darasa la tatu anaona rafiki yake ameanza kuyumba na kusema maneno yasiyo na mpangilio. Anamwendea kiranja, naye anamwambia arudi kwenye mstari. Msichana hakubali, anatoka na kumwendea mwalimu wa zamu, anamwambia, "Shikamoo mwalimu, Asha hayuko sawa, haelewi anachosema." Mwalimu anasitisha matangazo, wanambeba mpaka chini ya mwarobaini, wanammwagia maji na kumpepea kwa madaftari, na mwalimu mkuu anaita bodaboda ya kumwahisha zahanati. Kesho yake mstari unafanyika kivulini na chupa za maji ziko juu ya madawati. Hapo mtoto amejifunza kwamba adabu haimzuii kusema, kwamba kiranja si mwisho wa njia, na kwamba mkubwa mwenye heshima ni yule anayesikiliza. Mwalimu anayeitazama pamoja na darasa lake amejifunza zaidi, bila ya mtu kumhubiria.

Wakati wa kutolewa nao una uzito wake. Katuni za joto huanza kusambaa joto likiwa limeshaingia, kama vile miavuli inavyouzwa mvua ikinyesha. Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya hutoa utabiri wa msimu mapema. Wizara za elimu zingeweza kuutumia utabiri huo kutoa waraka Novemba, kabla ya kaskazi na kabla ya shule kufunguliwa, unaoruhusu maji darasani, unaofuta ulazima wa sweta katika mikoa na kaunti za joto, unaouhamishia mstari kivulini na kufupisha matangazo, na unaokataza adhabu za juani. Katuni ikirushwa wiki ile ile, kila mtoto atakayeimba wimbo wake atakuwa anakumbusha kanuni iliyopo, na mwalimu hatalazimika kuchagua kati ya nidhamu na maji. Waraka wa aina hiyo hugharimu karatasi. Dari hugharimu zaidi, na rangi nyeupe ya kupaka juu ya bati ili lirudishe mwanga wa jua iko katikati ya viwili hivyo, kwa bei ambayo kamati ya shule yenye wazazi walioelewa inaweza kuichangisha. Miti ndiyo inayochelewa: mwarobaini unaopandwa mwaka huu hautamfunika mtoto aliyeko darasa la kwanza mpaka awe karibu kuhitimu, jambo ambalo ni sababu ya kuupanda mwaka huu na kuweka dari ya vyumba vya madarasa ya chini kwanza.